Kampuni ya Intaneti Inaona Nini Unapopakua Faili? Mwongozo Kamili kwa Watumiaji wa Uganda

Swali ni lile lile, liwe limetoka Kampala, Arua, Busia au kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale: "Nimeweka VPN, nimefungua dirisha la siri kwenye Chrome, mbona bado naonekana?" Ukimfuatilia anayeuliza unakuta ameanzia mwisho. Amepakua VPN (programu inayofunga safari ya data yako) ya kwanza aliyoiona, hajagusa DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti), hajapima chochote, na kompyuta yake inapata intaneti kupitia hotspoti ya simu, mahali ambapo VPN ya simu haifiki.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mpangilio wake. Usiziruke. Za mwanzo ni bure na hazizidi nusu saa, na kuna watu ambao hizo peke yake zinawatosha.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu ya Android toleo la 9 au jipya zaidi. Ukitaka kujua ni toleo gani, fungua mipangilio kisha "About phone". Simu ya zamani kuliko hapo haina sehemu ya DNS ya faragha.
- Firefox au Chrome iliyosasishwa. Binafsi napendekeza Firefox, na sababu utaiona kwenye hatua ya 5.
- Kompyuta, kama unayo. Windows 11 ndiyo rahisi zaidi kwa kazi hii.
- Bando la kawaida la data, lisilofungwa kwa programu moja. Bando la WhatsApp pekee litakukwamisha.
- Kurasa tatu za kupimia. Zihifadhi sasa hivi kwenye kivinjari: 1.1.1.1/help, dnsleaktest.com na ipleak.net.

## Hatua ya 1: Elewa kampuni inaona nini hasa

Anza na jambo ambalo kila mtumiaji wa Uganda amelishuhudia. Ukinunua bando la WhatsApp au la mitandao ya kijamii, kampuni inakata MB za WhatsApp kwenye bando hilo na MB za YouTube kwenye bando lingine. Imejuaje kuwa hii ni WhatsApp na ile ni YouTube? Imejua kwa kutazama data yako inapopita. Haisomi ujumbe, maana ujumbe wa WhatsApp umefungwa tangu unapotoka kwenye simu yako hadi unapofika kwa unayemwandikia. Lakini inatambua safari yenyewe: inakwenda wapi, imeanza saa ngapi, imebeba kiasi gani. Bando lako ndilo ushahidi.

Fikiria bodaboda aliyekupeleka mahali. Anaijua nyumba uliyoshukia, anajua saa, anajua mzigo ulikuwa mzito kiasi gani. Yaliyosemwa ndani ya nyumba hayajui.

Sasa tutazame kwa karibu. Tuseme saa tano usiku unafungua makala ya UKIMWI kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Anwani kamili ni https://sw.wikipedia.org/wiki/UKIMWI. Kampuni inaona sehemu ya "sw.wikipedia.org", basi. Kuanzia "/wiki/" kwenda mbele kumefungwa. Haijui kama umesoma kuhusu UKIMWI, kilimo cha kahawa au historia ya Buganda. Ila inajua kuwa laini yako ilifika Wikipedia ya Kiswahili saa hiyo na ikavuta KB kadhaa.

Ungefungua tovuti ya shirika linaloshughulika na UKIMWI pekee, jina la tovuti lenyewe lingekuwa limeshasema kila kitu. Hapo ndipo watu hujidanganya. Wanaambiwa "HTTPS inaficha", ni kweli, kwani HTTPS ni njia iliyofungwa kati yako na tovuti, lakini haifichi jina la mlango uliobisha.

Kwa upakuaji, hali iko hivi:

Faili kutoka tovuti ya http, bila "s". Kampuni inaona yote: jina la tovuti, jina la faili, ukubwa, na yaliyomo. Zipo tovuti za nyimbo na za programu zilizodukuliwa ambazo bado hutoa faili kwa njia hii. Na yeyote aliye njiani anaweza kuibadilisha faili kabla haijakufikia, jambo ambalo ni baya kuliko kuonekana.

Faili kutoka tovuti ya https. Jina la tovuti linaonekana, muda unaonekana, na ukubwa unaonekana kwa makadirio ya karibu sana. Jina la faili na yaliyomo hayaonekani. Hata hivyo GB 1.4 zilizovutwa kwa mkupuo kutoka tovuti ya filamu hazihitaji mpelelezi kuzielezea.

Programu kutoka Play Store. Kampuni inaona umeunganishwa na Google. Anayejua umepakua programu gani ni Google.

Torenti, yaani kupakua faili vipande vipande kutoka kwa watumiaji wengine. Hii ina hatua yake, ya 9.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Uganda lina uzito wa pekee. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho. Kwenye data ya simu wateja wengi hutoka nje kwa anwani moja ya IP (namba inayotambulisha muunganisho kwenye intaneti), kwa hiyo tovuti ya mbali inapoitazama IP hiyo haiwezi kusema ni wewe. Kampuni inaweza, kwa sababu inajua ni laini gani ilikuwa ikitumia nini kwa dakika ile, na laini hiyo ina jina na namba ya kitambulisho. Sheria ya unasaji wa mawasiliano ya 2010 ndiyo iliyoweka sharti la kusajili laini, na ndiyo inayozitaka kampuni ziwe na mitambo inayoruhusu mawasiliano kunaswa pale inapotolewa hati ya jaji.

Na dirisha la siri? Linafuta historia ndani ya simu yako tu. Linakuficha kwa mtu atakayeshika simu baadaye. Kwa kampuni halibadilishi chochote.

Umefaulu ukiweza kutazama anwani yoyote kwenye kivinjari na kusema sehemu ipi inaonekana na ipi imefungwa.

## Hatua ya 2: Amua unajificha kwa nani

Usiruke hapa ukidhani ni maneno matupu. Kila kifaa kinahamisha imani yako kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ukibadilisha DNS, kampuni ya simu inaacha kuona maswali yako, na mwenye DNS mpya ndiye anayeanza kuyaona. Ukiwasha VPN, mwenye VPN anakaa mahali pa kampuni ya simu na kuona kila ilichokuwa ikiona.

Kwa hiyo jiulize. Ni mwenye kafe ya Wi-Fi? Ni kampuni ya simu yenyewe? Ni watu wa nyumbani mnaotumia ruta moja? Kwa mwenye kafe, hatua ya 3 na ya 4 zinaondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kama hutaki kampuni ijue hata majina ya tovuti, utafika mpaka ya 8.

Kama wewe ni mwandishi wa habari, wakili au mtetezi wa haki na kazi yako inaweza kukuletea matatizo ya kweli, mwongozo huu haukutoshi. Tafuta mtu wa usalama wa kidijitali mkae ana kwa ana, kwa sababu hatari yako haiko kwenye intaneti peke yake. Iko pia kwenye simu yenyewe na kwa watu unaowasiliana nao.

## Hatua ya 3: Lazimisha HTTPS

Kwenye Firefox: fungua mipangilio, ingia "Privacy & Security", shuka hadi "HTTPS-Only Mode", iwashe kwa madirisha yote.

Kwenye Chrome: mipangilio, "Privacy and security", "Security", kisha washa "Always use secure connections".

Kwa nini: ili kivinjari kikatae njia ya wazi badala ya kuipita kimyakimya. Zamani tulitazama picha ya kufuli. Chrome iliiondoa mwaka 2023, na hata ilipokuwapo haikuwa na maana kwamba tovuti ni ya kuaminika. Ilisema njia imefungwa, na matapeli nao hufunga njia zao.

Onyo: ukitumia Opera Mini katika hali yake ya kubana data kabisa, kurasa hupitia kwanza seva za Opera, zinafunguliwa na kupunguzwa huko, ndipo zinaletwa kwako. Inaokoa MB, na najua MB ni pesa. Lakini usiitumie kuingia benki wala barua pepe.

Umefaulu ukiona ukurasa wa onyo unapofungua http://neverssl.com. Tovuti hiyo imewekwa makusudi bila HTTPS. Ikifunguka moja kwa moja, mpangilio haujakaa.

## Hatua ya 4: Funga DNS

Hapa ndipo wengi wanapovujia bila kujua.

Kabla simu haijafungua tovuti, inauliza: "sw.wikipedia.org iko kwenye anwani gani ya IP?" Swali hilo ndilo DNS. Kwa kawaida linakwenda kwenye seva ya kampuni yako ya intaneti, kwenye mlango (port) namba 53, likiwa wazi kabisa. Hata kama tovuti yenyewe ni HTTPS, swali limeshataja jina. Kuzuia tovuti kwa njia ya DNS kunatumia swali hilo hilo: unauliza, unajibiwa uongo au hujibiwi.

Kwenye Android:

1. Fungua mipangilio, gusa kisanduku cha kutafuta, andika "Private DNS". Usihangaike kufuata menyu moja moja, kwa sababu Samsung, Tecno, Infinix na itel kila moja imeiweka mahali pake.
2. Chagua sehemu ya kuandika jina la mtoa huduma. Usiiache kwenye "Automatic". Hali hiyo hufunga swali kama tu seva ya mtandao uliopo inakubali, na isipokubali hurudi kwenye njia ya wazi bila kukuambia.
3. Andika moja kati ya haya: one.one.one.one, ambayo ni ya Cloudflare, au dns.quad9.net, ya Quad9. Quad9 ni taasisi isiyo ya biashara iliyosajiliwa Uswisi, na huzuia pia tovuti zinazojulikana kueneza virusi.
4. Hifadhi.

Kwenye Windows 11: mipangilio, "Network & internet", chagua Wi-Fi unayotumia, tafuta "DNS server assignment", gusa "Edit", chagua "Manual", washa IPv4. Andika 1.1.1.1 na 1.0.0.1, na chini ya kila moja hakikisha "DNS over HTTPS" imewashwa. Usipoiwasha umebadilisha seva tu, swali bado linapita wazi.

Kwenye iPhone: sakinisha programu ya 1.1.1.1 ya Cloudflare na uiruhusu. Usitegemee iCloud Private Relay. Apple ilipoitangaza mwaka 2021, Uganda ilikuwa kwenye orodha ya nchi ambazo haitapatikana.

Onyo la kwanza: Wi-Fi za hoteli na kafe zenye ukurasa wa kuingiza nywila mara nyingi hukataa DNS iliyofungwa. Ukurasa hautokei, unabaki unazungushwa. Rudisha "Automatic" kwa muda, ingia, kisha rudisha jina lako. Watu hurudisha ya kwanza na kusahau ya pili.

Onyo la pili: DNS ya faragha ya Android hupitia mlango namba 853. Mtandao ukiufunga mlango huo, simu itasema haiwezi kuunganishwa na hakuna tovuti itakayofunguka. Hapo tumia DNS ya ndani ya kivinjari: kwenye Firefox, "Privacy & Security", "DNS over HTTPS", chagua "Max Protection". Hiyo hupitia mlango 443, ule ule wa tovuti zote za HTTPS, hivyo ni vigumu kuufunga bila kufunga kila kitu. Ila inalinda kivinjari peke yake. Programu nyingine za simu zinabaki nje.

Umefaulu ukiona, kwa waliochagua Cloudflare, ukurasa wa 1.1.1.1/help ukisema "Yes" kwenye mstari wa DNS over TLS au wa DNS over HTTPS. Mmoja unatosha.

Waliochagua Quad9 wafungue dnsleaktest.com na kuchagua "Extended test". Huenda orodha ikaonyesha jina geni, WoodyNet, na kukutia hofu. Tulia: WoodyNet na PCH ndiyo mitandao inayobeba Quad9. Unachotafuta ni kwamba jina la kampuni yako ya simu halimo.

## Hatua ya 5: Ziba jina linalobaki

Umefunga DNS. Kampuni bado inaweza kuona jina la tovuti, na hili huwashangaza hata mafundi. Kivinjari kinapoanza kuzungumza na tovuti ya HTTPS, ujumbe wa kwanza kabisa unataja jina la tovuti waziwazi ili seva ijue ilete cheti kipi. Sehemu hiyo inaitwa SNI.

Ipo teknolojia inayoifunga, ECH. Firefox mpya inayo, na inafanya kazi pale DNS ya kivinjari ikiwa imefungwa kama nilivyoeleza juu. Hakuna kitufe cha kuwasha. Tatizo ni kwamba inahitaji na tovuti yenyewe ikubali, na nyingi bado hazijakubali.

Pima hivi: fungua crypto.cloudflare.com/cdn-cgi/trace. Utaona mistari mifupi ya maandishi. Tafuta unaoanza na "sni=". Ukisoma "sni=encrypted", kivinjari chako kiko tayari. Ukisoma "sni=plaintext", rudi uangalie "Max Protection", funga kivinjari kabisa, fungua upya.

Hata ukipata jibu zuri, limehusu tovuti hiyo tu. Kwa tovuti isiyo na ECH jina bado linaonekana, na anwani ya IP inaonekana siku zote. Ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Chagua VPN kwa akili

VPN hufunga safari yote kutoka simu yako hadi seva yao. Kampuni ya intaneti inabaki na mambo matatu: kwamba unatumia VPN, ukubwa wa data, na muda. Majina ya tovuti, DNS na aina ya faili vinatoweka machoni pake.

Waganda wengi waliijua VPN Julai 2018, ilipoanza kodi ya OTT, yaani ya mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku, na tena Januari 2021 Facebook ilipofungwa. Kwa haraka ile watu walipakua chochote kilichoandikwa "free". Tabia hiyo imebaki, na ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu mtu anaikimbia kampuni yenye ofisi na leseni nchini, anakwenda kumpa data yake yote mtu asiyejulikana hata nchi anayoishi.

Na anayejulikana naye si lazima awe salama. Onavo Protect ilikuwa VPN ya bure ya Facebook yenyewe. Ilikuwa ikikusanya taarifa za programu ambazo watu walizitumia kwenye simu zao, hadi ilipofungwa mwaka 2019.

Angalia haya kabla ya kusakinisha:

- Mwenye huduma anajulikana? Kampuni gani, nchi gani?
- Msimbo wa programu uko wazi, na umekaguliwa na watu wa nje?
- Inapataje pesa? Kama ni bure kabisa na imejaa matangazo, biashara ni wewe.
- Inaomba ruhusa zisizohusika, kama orodha ya namba zako au ujumbe mfupi? Iache.

Mbili ninazoweza kupendekeza bila kusita ni Proton VPN na Mullvad. Proton VPN, ya Uswisi, ina kiwango cha bure kisicho na kikomo cha data, na gharama zake hulipwa na wateja wanaolipia. Seva za bure ni chache na haziruhusu torenti. Mullvad, ya Uswidi, ni yuro 5 kwa mwezi, haiombi jina wala barua pepe, inakupa namba ya akaunti tu. Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika ofisini kwao na hati ya upekuzi wakitafuta data za wateja, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu data hizo hazikuwa zikihifadhiwa. Kwangu mimi tukio hilo lina uzito kuliko tangazo lolote.

Onyo kuhusu bando: VPN ikiwaka, kampuni haiwezi tena kutambua kuwa hii ni WhatsApp. Bando lako la WhatsApp halitatumika. MB zitakatwa kwenye bando la kawaida, na kama huna, zinaweza kukatwa kwenye salio. Wengi huamini wameibiwa. Hawakuibiwa, ni VPN imefanya kazi yake.

Onyo kuhusu kuzimwa kwa intaneti: VPN inahitaji intaneti. Tovuti moja ikifungwa, inakusaidia. Intaneti yote ikikatwa, kama usiku wa 13 Januari 2021 kuamkia siku ya uchaguzi, hakuna VPN itakayopita. Na sakinisha mapema, siku za utulivu, kwani tovuti za VPN zenyewe huweza kuwa miongoni mwa zinazofungwa mwanzo.

## Hatua ya 7: Weka kufuli ya VPN

VPN hukatika. Umeingia kwenye taksi pale Old Taxi Park, simu inahama kutoka 4G kwenda 3G, muunganisho unaanguka, na upakuaji unaendelea nje ya VPN bila wewe kugundua. Dakika moja inatosha kuandika kwenye kumbukumbu za kampuni kile ulichokuwa ukikificha.

Kwenye Android, tafuta "VPN" kwenye mipangilio, gusa alama ya gia pembeni ya jina la VPN yako, washa "Always-on VPN" na chini yake "Block connections without VPN". Vyote viwili. Cha kwanza peke yake huirudisha VPN ikianguka, lakini hakizuii kinachopita katikati.

Kwenye kompyuta, tafuta "kill switch" ndani ya programu ya VPN yenyewe.

Umefaulu ukiona kwamba ukiizima VPN kwa mkono, hakuna tovuti inayofunguka. Intaneti ikiendelea kama kawaida, hujafunga.

## Hatua ya 8: Pima, usiamini alama ya ufunguo

Ile alama ndogo ya ufunguo juu ya skrini inasema VPN imewashwa. Haisemi kama kila kitu kinapita humo.

1. Zima VPN, fungua ipleak.net. Andika pembeni IP unayoiona na jina la kampuni. Tazama kama kuna IPv6 pia, ile anwani ndefu yenye herufi na nukta pacha.
2. Washa VPN, fungua ukurasa upya.
3. Linganisha. IP ya kwanza isionekane popote: si juu, si kwenye IPv6, si kwenye sehemu ya WebRTC (njia ya kivinjari ya kupiga simu za sauti na video), si kwenye orodha ya DNS.

IPv6 ikibaki ile ile, VPN yako inabeba IPv4, ile aina ya zamani ya anwani, peke yake na nusu ya safari inapita nje. Badilisha VPN. Usijaribu kuikarabati.

Kama DNS inaonyesha Cloudflare au Quad9 badala ya jina la VPN, si uvujaji kwa kampuni ya simu. Ni ile DNS ya faragha uliyoweka hatua ya 4, inapita ndani ya VPN. Unaweza kuiacha.

Rudia kipimo hiki kila simu inaposasishwa.

## Hatua ya 9: Torenti

Torenti yenyewe si kosa. Mifumo ya Linux husambazwa hivyo rasmi, na kwa mwenye intaneti inayokatika ni njia nzuri kwa sababu upakuaji huendelea pale ulipoishia. Kosa ni kupakua kazi ya mtu isiyoruhusiwa, na Uganda ina sheria ya hakimiliki ya 2006. Wasanii wa Kampala wanakula kwa kazi zao. Sikuandika haya ili wanyang'anywe.

Unachopaswa kujua ni kwamba kwenye torenti kampuni ya simu si mtazamaji pekee. Kila anayepakua faili hiyo duniani anaiona IP yako, na wewe unaiona yake. Ndivyo inavyofanya kazi, hakuna mpangilio wa kuondoa hilo. Sehemu ya "encryption" ndani ya programu za torenti inaficha kidogo kwa kampuni, haikufichi kwa wengine kwenye kundi.

Kwa qBittorrent, mojawapo ya programu za torenti: washa VPN inayoruhusu torenti, kisha "Tools", "Options", "Advanced", na kwenye "Network interface" chagua ile ya VPN. Sasa VPN ikianguka, torenti inasimama yenyewe. Ipleak.net ina kipimo maalumu cha torenti: ongeza kiungo chao kwenye programu na utazame IP inayoonekana. Iwe ya VPN.

Kumbuka pia torenti inapakia wakati inapakua. Bando la GB 1 halitakupa faili ya GB 1.

## Hatua ya 10: Hotspoti na mashine za watu

VPN na DNS ulizoweka kwenye simu ya Android kwa kawaida hazikifuati kifaa kinachotumia hotspoti yako. Simu inaonyesha ufunguo, kompyuta iliyounganishwa nayo inapita wazi. Weka VPN kwenye kompyuta yenyewe na upimie hapo hapo kwenye kompyuta.

Kwenye kompyuta ya kafe au ya ofisi hatua hizi zote hazina nguvu, kwa sababu mwenye mashine anaweza kuwa ameweka programu inayotazama skrini kabla data haijafungwa. Chapisha fomu yako, usiingie barua pepe, ondoka.

## Hatua ya 11: Uliza wanachokuhifadhia

Hii hufanywa na wachache, na ningependa ifanywe na wengi. Ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inalinda faragha ya mawasiliano yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa haki ya kuiuliza kampuni ina taarifa zako zipi na imempa nani.

Andika barua fupi. Taja jina lako, namba ya laini, na maswali manne: mnahifadhi nini kuhusu matumizi yangu ya intaneti, kwa muda gani, kwa sababu gani, na nani mwingine amepewa? Ambatisha nakala ya kitambulisho, kwa kuwa lazima wahakikishe ni wewe na si jirani anayekuchunguza.

Peleka mkononi kwenye ofisi yao ya huduma kwa wateja, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi ujumbe. Wakikaa kimya au wakikujibu kwa mafumbo, nakala hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoambatisha kwenye malalamiko yako kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, mjini Kampala.